Chakula cha Dereva: Kwa Basi kutoka Dar hadi Ngorongoro

Bei ya safari ilijumuisha kila kitu: usafiri, malazi, viingilio vya hifadhi na milo mitatu kwa siku. Kwenye kundi la WhatsApp mwandaaji alituwekea na orodha ya vyakula ili kututia hamu: supu na chapati asubuhi, wali nyama, ndizi nyama, kuku wa kukaanga, mbuzi choma siku ya Arusha, na mayai ya kuchemsha ya kula garini. Watu walijibu kwa alama za makofi. Mimi niliisoma orodha hiyo mstari kwa mstari, na kwa safari nzima nikaona vitu viwili tu ninavyoweza kula: wali na chapati.

Sili nyama, kuku, samaki, mayai, wala maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa. Sikuamriwa na daktari wala dini. Niliwahi kuishi Pugu, jirani na mnada wa ng'ombe, ambako malori hushusha mifugo iliyotoka mikoa ya bara. Ukiishi pale unaijua sauti ya mnyama aliyesimama juu ya lori usiku kucha, amebanwa na wenzake hata hawezi kujilaza. Nilianza kwa kuacha nyama, baadaye nikaacha na vingine, na moyo wangu umetulia. Simhukumu anayekula. Wazazi wangu wanakula, na tunakaa mkeka mmoja kwa furaha.

Nyumbani jambo hili ni jepesi kwa sababu jiko ni langu. Safari ya kundi ina taratibu zake: unakula pale basi linaposimama, kwa muda uliopangiwa, chakula alichokichagua mtu mwingine kabla hamjaondoka. Nami sikuwa nimewahi kusafiri namna hiyo, wala kufika kaskazini. Usambara, Kilimanjaro na Ngorongoro nilikuwa nazijua kwa picha za kalenda. Sikuwa tayari kuzikosa kwa ajili ya sahani, basi nikampigia mwandaaji simu.

"Usijali dada, tutakuwekea samaki," aliniambia.

"Samaki nao sili, kaka."

"Kuku je? Mayai?"

"Hivyo pia sili. Nitengenezeeni maharage tu, na mboga za majani."

Akanyamaza kidogo. "Maharage yapo kila mahali, dada yangu. Lakini mtu amelipa pesa yote hiyo, nikimpa maharage si nitaonekana nimemtesa?"

Nililibeba neno lake hilo safari nzima, kwa sababu kila nilipokaa kula nililikuta limenitangulia mezani. Kwetu mgeni anaheshimiwa kwa nyama. Akija mkwe, kuku anakamatwa. Pakiwa na harusi, watu huuliza amechinjwa ng'ombe au mbuzi. Maharage ni chakula cha shule ya bweni, cha jeshini, cha mwisho wa mwezi. Kumwandalia mtu aliyelipia starehe chakula cha namna hiyo huonekana kama kumvunjia heshima, na huyo kijana alikuwa akinisemea kwa wema mtupu.

Kwenye begi nilitia karanga za kukaanga, tende, kashata, chupa kubwa ya maji, na vidonge vyangu vya vitamini B12. Hivyo vidonge ni vya kila siku, safarini na nyumbani, kwa sababu vitamini hiyo haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Anayeamua kula kama mimi asilifanyie mzaha jambo hilo.

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri kwa njia ya Bagamoyo. Magofu ya Kaole tuliyapitia haraka haraka, msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake yenye minara, kwa sababu kiongozi wetu alikuwa ameshaagiza supu ya mbuzi mjini na hakutaka ipoe. Wenzangu walipoingia mgahawani mimi nilibaki nje. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa ameketi nyuma ya dishi la mahamri lililofunikwa kitambaa cheupe, na pembeni yake sufuria ya mbaazi juu ya jiko la mkaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu mbaazi, za moto."

"Mahamri umeyakandia nini?"

"Tui. Nazi tele hapa, maziwa ya nini?"

"Na mbaazi umeziunga na nini?"

"Tui hilo hilo, kitunguu, bizari na chumvi." Akaniangalia usoni. "Kwani unaumwa?"

Swali hilo niliulizwa tena na tena mpaka tunarudi. Nilimwambia siumwi, nimechagua tu. Akafungua mfuniko, akachota kwa upawa mpaka chini ili nipate nzito, akanimiminia kwenye bakuli. Tui lilikuwa limekauka likazishika mbaazi, na juu yake palielea mafuta kidogo ya nazi yenyewe, ya manjano kwa bizari. Hamri lilipasuka katikati likatoa mvuke wa iliki. Nimekula vifungua kinywa vingi hotelini ambavyo havifikii bakuli lile, na kila kilichokuwamo kilitoka shambani na mnazini. Pwani yetu nzima, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, watu wamekuwa wakila hivi asubuhi bila kudhani kwamba kuna kilichopungua.

Msata tukapita, Segera tukasimama kununua machungwa ya Muheza yaliyopangwa kwa mafungu, na saa za mchana zikatukuta Korogwe. Hapo ndipo tulipokula pamoja kwa mara ya kwanza. Hoteli za njiani za Korogwe zinajulikana na kila msafiri wa kaskazini: basi linasimama, watu wanakimbilia kaunta, dakika ishirini, honi. Kwenye kaunta palikuwa na wali, chipsi, kuku, nyama ya rosti, samaki wa kukaanga. Maharage hayakuwapo.

"Dada, wali mtupu, na kachumbari," nilimwambia mhudumu.

Alinipakulia wali, kisha upawa wa mchuzi wa nyama ukawa tayari uko juu ya sahani yangu, unadondosha. "Nikumwagie kidogo, usiwe mkavu?"

"Hapana, asante."

"Mchuzi tu, siweki nyama."

Anayekula kwa mimea katika nchi hii aujue upawa huo. Hatari yetu kubwa haimo kwenye mnofu unaoonekana. Imo kwenye mchuzi, kwenye supu ya mifupa iliyochemshiwa ndizi, kwenye unga wa dagaa uliotiwa mlenda, kwenye samli iliyopakwa chapati, kwenye maziwa yaliyomaliziwa mchicha. Mpishi anatia hivyo vitu kwa upendo, ili chakula kipate ladha, na ukimwuliza kama kuna nyama atakujibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna. Ndiyo maana sianzi kwa kusema nisichokula. Ukisema huli nyama unaletewa kuku, ukisema huli kuku unaletewa samaki, na foleni nyuma yako inaguna. Nauliza chakula kimeungwa na nini, na nauliza aliyekipika.

Nikamwomba mhudumu anioneshe jikoni. Alinipitisha mlango wa nyuma, na huko nikakuta meza ndefu ya mbao chini ya mwembe. Dereva wetu alikuwa ameketi hapo pamoja na madereva wengine na mafundi wawili, na katikati ya meza palikuwa na ugali, sufuria ya maharage na bakuli la matembele. Chakula nilichokuwa nakitafuta kule mbele kilikuwa huku nyuma, hakikuandikwa popote, kinaliwa na watu wa kazi.

"Karibu dada, ila chakula chetu ni hiki tu," dereva alisema, kama anayeomba radhi.

Mpishi, mama wa makamo aliyejifunga kanga kichwani, alinihakikishia: maharage yameungwa kwa kitunguu, nyanya na mafuta ya alizeti, matembele kwa nazi. Nikanawa, nikakaa. Maharage yalikuwa yamechemka taratibu tangu asubuhi mpaka yakatoa rojo lake yenyewe, hakuna unga wala kiungo cha paketi. Nilipouliza bei, mama akasema shilingi 2,000. Kule mbele sahani ya kuku ilikuwa mara kadhaa ya hiyo. Nilimwuliza kwa nini maharage hayafiki kaunta. "Abiria wakiyaona watasema hoteli imefulia," alinijibu.

Kutoka Korogwe nilikuwa najua pa kuelekea kila basi liliposimama: nyuma.

Mombo tuliiacha barabara kuu tukaanza kupanda. Barabara ya Lushoto, kilometa zipatazo 33, imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na chini kabisa mto unaokimbia. Basi lilipanda kwa gia ndogo. Soni tuliyaona maporomoko ya maji yake, na hewa ikabadilika, watu wakaanza kutafuta masweta. Halafu vikatokea vile nilivyokuwa nimevisikia tu: matuta ya kabichi, karoti, viazi, vitunguu, yamepandana ngazi kwa ngazi hadi kileleni. Mboga nyingi ninazonunua sokoni Dar es Salaam nilikuwa nazitazama zikiwa bado ardhini. Wajerumani waliutaka mji wa Lushoto kwa ubaridi wake, wakauita Wilhelmstal. Wasambaa walikuwa wamekwisha kulima milima hii kabla yao, na bado wanailima.

Ilikuwa Januari, msimu wa peasi na plamsi. Sokoni akina mama walikuwa wamezipanga kwenye vikapu, plamsi nyeusi zenye vumbi jeupe la ngozi zake, peasi ngumu za kijani ambazo ukizing'ata zinatoa sauti. Nilinunua hadi begi likawa zito. Jioni tulisimama Irente, kwenye ukingo wa mwamba, tukaangalia chini kabisa mashamba ya mkonge ya Mazinde na nyika inayoendelea hadi macho yanachoka. Sina la kuongeza juu ya Irente. Nenda ukaone.

Usiku, katika mji huo uliozungukwa na mboga pande zote, chakula cha kundi kilikuwa nyama ya ng'ombe na chipsi. Lakini safari hii nilikuwa nimewahi. Mara tulipofika, kabla sijapeleka begi chumbani, nilikwenda jikoni na mfuko wa karoti, hoho na majani ya maboga niliyonunua sokoni.

"Shikamoo mama. Naomba unisaidie jambo."

Mpishi wa pale alikuwa Msambaa, mtu mzima, mpole. Hakuniuliza kama naumwa. Aliuliza, "Hata samli usitie?" na nilipokubali akavuta kigoda akaanza kumenya nyuzi za majani ya maboga, moja moja, kwa ukucha wa kidole gumba, huku akizungumza. Nikakaa naye tukamenya wote. Aliniambia kwao milimani maharage huliwa karibu kila siku, na bada, ule ugali wa muhogo, ndio uliowakuza. Karanga alizitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo, si laini sana, akazikoroga na maji ya moto kabla ya kuzitia kwenye majani ili zisishike madonge. Akapunguza moto. Akafunika. "Sasa usifunue mpaka nikwambie," aliniagiza, na mimi nikatii kama mtoto.

Alipika nyingi kuliko nilivyoomba, akaliweka bakuli mezani kwa wote, karibu na nyama. Hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Bibi mmoja aliyekuwa kimya tangu Dar es Salaam alinyoosha mkono, akajipakulia mboga, akasema taratibu kwamba daktari amemkataza nyama nyekundu kwa sababu ya gauti, na kwamba tangu asubuhi alikuwa akila wali na chai. Baba mmoja akasema yeye ni Msabato, nyama aliacha miaka mingi iliyopita, maziwa bado anakunywa, ila aliona haya kusumbua watu. Kijana mwingine hakuwa na sababu yoyote; alikuwa amechoka tu na mafuta. Bakuli likarudi jikoni tupu.

Hao wote walikuwa wamelipa fedha sawa na wengine. Walikuwa wameisoma orodha ile ile ya WhatsApp na kupiga makofi. Hakuna aliyewauliza, nao hawakusema, kwa sababu kwetu anayeuliza habari za chakula cha ugenini huonekana mlafi au mwenye madeko. Tangu usiku ule nilipokwenda jikoni sikuombea nafsi yangu peke yake, na haya zikanitoka kabisa.

Kesho yake tulishuka tena Mombo tukaifuata barabara ya Same, milima ya Upare ikiwa kuliani. Yule baba Msabato alikuja kuketi karibu nami akanionesha kwa kidole: kule juu, Mamba-Giti, ndiko Usabato ulikoanzia Tanzania, mwaka 1903, kwa wamisionari waliotoka Ujerumani. Alikua katika nyumba ambamo mama yake alipika kunde, njegere na magimbi, na tangawizi ya milimani ilitiwa katika chai ya rangi. Kwake jambo hili la kutokula nyama halikuja na vitabu vya kigeni wala filamu. Lilikuwa la bibi yake. Nilifurahi kumsikiliza, maana mara nyingi naambiwa kwamba kula kama ninavyokula ni mtindo wa watu wa nje.

Marangu tulifika mchana, na mlima Kilimanjaro, mita 5,895, ulikuwa umejifunika mawingu. Ulifunuka jioni kwa muda mfupi, theluji ikang'aa rangi ya waridi, kila mtu akanyamaza. Maporomoko ya maji tuliyaona, kahawa tukaitwanga na kuikaanga na kuinywa chungu. Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni kihamba tulichotembezwa: migomba juu, kahawa chini ya migomba, magimbi na maharage chini ya kahawa, na mfongo wa maji unaopita kando. Shamba moja dogo linalisha nyumba nzima. Mwenye kihamba, bibi wa Kichaga, alikuwa ametuandalia mtori, na mtori una nyama. Nilimwomba kiburu kwa jina lake, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja mpaka vikashikana.

Alistaajabu. "Wageni huwa hawapewi kiburu. Hicho ni chetu cha kila siku."

Alicheka, akaenda kunitolea kilichobaki cha nyumbani mwake, cha moto bado, kizito, chenye ladha ya ardhi. Akanieleza kwamba alipokuwa msichana nyama ilikuwa na siku zake, sikukuu, mahari, Krismasi watoto wakirudi, na kwamba kati ya siku hizo watu waliishi kwa ndizi na maharage, nao walipanda na kushuka mlima huu wakiwa wamebeba mizigo kichwani.

Arusha sina mengi. Tulipiga picha kwenye Mnara wa Azimio, wa kumbukumbu ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kisha kundi likaenda kula mbuzi. Pale nilipewa loshoro kwa nia njema, na ningeweza kuipokea kama nisingeuliza, kwa sababu kwa macho inafanana na makande. Ndani yake mna maziwa mgando. Nilikwenda na wale wenzangu wapya kwenye mgahawa wa Kihindi wa mboga tupu, tukala dengu, chapati zisizopakwa samli na bhajia za kuchovya kwenye ukwaju. Baadhi ya miji yetu ina mgahawa wa namna hiyo, kazi yako ni kuuliza tu samli, mtindi na jibini.

Karatu tulilala mkesha wa siku tuliyokuwa tukiisubiri. Basi kubwa halishuki bondeni Ngorongoro; unahamia kwenye magari ya safari yenye nguvu ya magurudumu manne, unaondoka kabla ya mapambazuko, na chakula cha mchana unakibeba kwenye boksi. Kila aliyepelekwa mbugani analijua boksi hilo: paja la kuku, yai la kuchemsha, sandwichi ya jibini, keki, ndizi moja, juisi. Kwangu lilikuwa na ndizi na juisi. Ukisahau kusema usiku, basi siku nzima uko porini na hakuna duka.

Mpishi wa Karatu, kijana aliyevaa kofia ndefu nyeupe, alinielewa kabla sijamaliza. Hapo, tofauti na njia nzima, mlo wa vegani, yaani usio na chochote kitokanacho na mnyama, unajulikana vizuri; watalii kutoka Ulaya na Marekani wamewafundisha. Alinitajia haraka haraka anachoweza kufunga: tambi za nyanya, saladi, mkate na siagi ya karanga.

"Ninyi wenyewe usiku huu mnakula nini?" nilimwuliza.

Akashangaa. "Sisi? Makande."

"Yana nini?"

"Mahindi, maharage, kitunguu, karoti kidogo. Nazi hatujatia."

"Nifungie hayo, kaka. Na kwa hawa wengine watatu."

"Dada, hicho si cha wageni."

"Mimi natoka Dar es Salaam. Hicho ni changu."

Alicheka, akanipa mkono. Asubuhi, kwenye baridi ya kukata masikio, tulikuta hotpoti kubwa imesubiri karibu na masanduku ya wengine, na ndani ya mfuko ametia parachichi mbili, chumvi na pilipili.

Tulipofika ukingoni ukungu ulikuwa umejaa bondeni kote, hata tukadhani hatutaona kitu. Gari likashuka ndani ya ukungu huo, mita zipatazo 600 kwenda chini, na ghafla tukatokea upande wa pili wa mawingu, kwenye sakafu ya majani mabichi ya kilometa za mraba kama 260, nyumbu na pundamilia wametapakaa kila upande, na kuta za kasoko zimetuzunguka. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1959, ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Nimeisoma tangu shule ya msingi. Hakuna kitabu kilichoniandaa kwa ukimya wa nyati aliyeinua kichwa kututazama, pua yake imelowa, na ndege wenye midomo myekundu wakitembea mgongoni kwake. Niliwaona wanyama wanaoishi maisha yao wenyewe, hawangojei lori la mtu. Nililia kidogo, na sioni sababu ya kuficha.

Chakula cha mchana huliwa Ngoitokitok, kando ya dimbwi la viboko. Dereva wa gari la safari alituonya tule ndani ya gari, kwa sababu mwewe wa pale wamezoea. Abiria mmoja wa gari la jirani hakusadiki. Alifungua boksi akiwa amesimama nje, akainua paja la kuku, na mwewe akashuka kutoka nyuma yake, mbawa zikampiga shavuni, paja likaenda angani. Hakuumia ila mchubuko mdogo kidoleni.

Sisi ndani tulifungua hotpoti. Mvuke wa makande ukajaza gari. Bibi wa gauti aligawa kwa kijiko, baba Msabato akakata parachichi kwa kisu chake cha mfukoni, na dereva, ambaye alikuwa ameletewa mkate na soseji, akaomba sahani. Mahindi yalikuwa yamekobolewa na kupikwa hadi yakapasuka, maharage yametoa wekundu wake. Kwa upande wa protini hiki ni chakula kamili hata kwa kipimo cha wataalamu wa lishe: kinachopungua katika protini ya mahindi kimo katika maharage, na kinachopungua katika maharage kimo katika mahindi. Tulikula huku kiboko anazamisha kichwa na kukiibua, na kijana aliyechoka na mafuta alikwangua chini ya hotpoti.

"Miaka yote naleta watu hapa," dereva alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza nimekula na abiria chakula kimoja."

Wakati wa kurudi yule mwandaaji alinipigia akitaka kujua kama niliteseka. Nilimtajia nilivyokula kwa mpangilio: mbaazi za nazi Bagamoyo, ugali na matembele Korogwe, majani ya maboga kwa karanga Lushoto, kiburu Marangu, dengu Arusha, makande Ngorongoro. Akaniomba nimwandikie. Nimemwandikia, pamoja na maelezo ya kila kimoja kinaungwa na nini.

Na ninyi wengine mnaoandaa safari za ndani, nawaomba jambo moja lisilowagharimu. Mnapotuma orodha, ongezeni mstari wa kuuliza kila msafiri anakula nini, na msingoje yeye aseme, kwa sababu hatasema. Kisha mwambieni mwenye hoteli atoe ile sufuria ya maharage kule nyuma ailete kaunta, aiandike kwenye ubao pamoja na bei yake. Nawe msafiri unayekula kwa mimea, au uliyekatazwa nyama na daktari, usibaki nyumbani. Piga simu siku moja kabla, taja chakula kwa jina lake, na ukifika salimia jikoni kwanza.